Sidi Aliyebeba Chumvi

Watu husema chumvi haina harufu. Watu hao hawajaibeba kichwani mvua ikinyesha. Chumvi ikilowa hunuka, tena hunuka vizuri, kama ufuo maji yanapotoka. Mimi harufu hiyo ikinipata puani siwezi kuendelea na kazi. Lazima nikae kitako kwanza.

Ndivyo ilivyonikuta majuzi hapa dukani kwangu Malindi. Mvua ilipiga alfajiri, paa likavuja palepale ambapo fundi aliniapia amepaziba, na gunia la chumvi ya mawe likalowa upande mmoja. Mimi nauza chumvi, ng'onda na papa mkavu. Nyumba ninayolala ni ya mawe, nimeijenga mwenyewe, sikuirithi wala sikuikuta kwa mume. Shule nilikaa kidogo sana. Nasoma herufi kubwa na jina langu, mengine nasomewa, na haya nayasema mjukuu wangu akiandika. Natangulia kusema ili mtu asije akatafuta hapa maneno ya wasomi. Hayapo.

Basi nilikuwa nimekaa mbele ya gunia nalinusa kama mgonjwa anavyonusa limau, watoto wa shule wakaingia. Mbele ni huyohuyo mjukuu wangu, Sidi, binti wa mwanangu Charo. Kwetu Wagiriama mtoto hupewa jina la mzee wake, kwa hiyo nyumbani tuko Sidi wawili, na akiitwa mmoja tunaitika wote. Nyuma yake alikuwa Amina, ambaye wazee wake walitoka visiwa vya kaskazini na Kiswahili chake kimenyooka kama uzi wa mshipi. Wa mwisho Karisa, mtoto wa jirani, maswali yake ni mengi kuliko meno.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwataka nini na miguu ya matope?"

"Bibi, mwalimu ametupa mradi," Amina akajibu. "Kila kundi latafuta mtu wa historia wa huku kwetu, mtu aliyetenda jambo. Ijumaa twasimama mbele ya darasa tumweleze. Wazazi nao wamealikwa."

"Na nyinyi mmemchagua nani?"

Mjukuu wangu akaangalia vidole vyake vya miguu. "Nilitaka tumchague Sidi wa chumvi. Yule wa hadithi zako."

"Ulitaka? Sasa hutaki?"

"Hayuko kwenye simu," Karisa akadakia. "Tumetafuta Sidi, akatokea mzee wa Kiarabu mwenye ndevu. Tukaongeza chumvi, ikaja dawa ya kusukutua koo. Bibi, mwalimu anataka ushahidi. Wenzetu wamechukua mashujaa wa kitabuni, wana picha. Sisi tukienda na mtu asiye na picha tutachekwa."

"Sitaki kuchekwa," mjukuu wangu akasema polepole. "Lakini kumwacha pia sitaki."

Niliposikia hivyo niliona darasa jingine kabisa, la ukuta wa udongo, na mtoto mmoja amesimama katikati ya wenzake waliokaa. Hapo dukani nilitaka jambo moja tu: mjukuu wangu asimame na jina lile mbele ya watu, na asitokee mtu wa kumwambia kaa chini. Maana mimi niliambiwa.

"Kaeni," nikawaambia. "Si juu ya gunia, Karisa. Huko kumelowa."

Nyinyi wa rika langu mnaosomewa haya mwakumbuka wazee walivyokuwa na watoto. Hawakutueleza kitu. Waliongea wao kwa wao, nasi tukaokota. Mimi nimezaliwa Marafa, karibu na Nyari, lile bonde la udongo mwekundu ambalo leo wageni hulipa kuja kulitazama. Sisi hatukulipa, tulichungia mbuzi ukingoni mwake. Babu yangu, Charo wa kwanza, alikuwa pande la mtu, sauti yake kama mchi kinuni, na tangu nilipoanza kuelewa maneno aliniita Mama.

Wala si kwa mzaha. Asubuhi akitoka nje ataniuliza, "Mama, umeamka?" Akitaka tumbaku, "Mama, nipe kile kimfuko." Na wageni wakija jioni, kata ya mnazi ikiwa mkononi, alinipakata na kuwaambia:

"Mwamwona huyu? Huyu ndiye Sidi. Njaa ile ilipokaza, watu wakawa wala mizizi bila hata punje ya chumvi, ni Sidi huyu aliyeteremka pwani Ngomeni kwa miguu akaja na kanda limejaa. Akakata njia kupitia Nyari. Mvua ikamkuta mle ndani, chumvi yote ikamyeyukia mwilini. Alipofika, kanda tupu, watu wakaanza kulia. Yeye akaingia jikoni, akavua hando lake akalikamua chunguni. Hando lile la marinda mengi lanyonya maji kama nini. Tukala chakula chenye chumvi siku ile, mji mzima. Si ndivyo, Mama?"

Nami nikajibu, "Ndivyo."

Ningejibu nini kingine? Mambo niliyoyatenda nisiyoyakumbuka yalikuwa mengi. Mama yangu alisema nilimng'ata mkunga, sikumbuki. Nilianguka kwenye jivu la moto nikitambaa. Kovu ninalo, kuanguka sikumbuki. Basi na hili la chumvi nikaliweka kapu hilohilo: nimelitenda nikiwa mdogo, nikalisahau. Kitu kimoja tu kilinitatiza, nacho ni hando. Wanawake wazima walivaa hando kiunoni, mimi sikuwa nalo. Nikafikiri na kufikiri, mwisho nikakata shauri kwamba liliharibika kwa kukamuliwa.

Mtoto anayejua kwamba ameokoa mji mzima hatembei kama watoto wengine. Dada zangu wakinituma maji niliwatazama kwa huruma, nikisema moyoni hawa hawajui wanamtuma nani. Babu akichelewa kula nilimgombeza: "Charo, sima inapoa. Sikukuzaa uje unisumbue." Naye pande lile la mtu likainuka, "Nisamehe, Mama," likaenda kunawa mikono. Watu wakacheka. Nikadhani wanachekea bahati yao ya kuwa na mimi.

Kisha shule ikaja. Mwalimu alitoka mbali, hakujua mambo ya wazee wetu, lakini hakuwa mtu mbaya. Siku moja akauliza: nani amjua mtu wa hapa aliyetenda jambo kubwa? Mmoja akamtaja chifu. Mwingine akamtaja mjomba wake aliyeua chui, ingawa sote tulijua chui yule alijifia mwenyewe. Mimi nikasimama.

"Na wewe wamjua nani?" mwalimu akauliza.

"Ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Nilileta chumvi kutoka Ngomeni wakati wa njaa."

"Njaa ipi?"

"Ile kubwa."

Akanitazama vizuri, labda akatafuta mzaha usoni mwangu, hakuuona. "Ile kubwa ilikuja kabla baba yako hajazaliwa. Kaa chini."

Darasa likapasuka. Nikakaa. Nyuma yangu alikuwa Kazungu, mtoto wa jirani yetu, mdomo wake ulikuwa wembe. Akaniinamia sikioni: "Nyanya, hayo meno yameota upya?" Na tulipotoka nje akanisimamia njiani na wenzake. "Kama ni wewe uliyepita Nyari na chumvi, pita tena tuone."

"Nitapita."

"Utapotea."

"Nipotee vipi? Njia naijua."

Shangazi yangu Kadzo alifanya biashara ya chumvi. Aliifuata Ngomeni akaiuza kwetu, na alikuwa na kanda la kumpelekea mama mmoja ng'ambo ya bonde, Mbodze jina lake. Nikamwomba nilipeleke mimi. Akakipima kichwa changu kwa macho, akapunguza chumvi, akasokota ngata ya kitambaa akaniwekea utosini, kisha akanitwika. "Zunguka kwa barabara," akasema. "Usiteremke bondeni." Nikasema naam. Naam si ahadi.

Wenzangu walinisindikiza mpaka ukingoni, hapo wakasimama kama mbuzi walioona maji. Kazungu aliteremka kidogo, akakumbuka ana kazi nyumbani. Mimi nikashuka. Mle chini udongo si mwekundu tu. Kuna mweupe kama unga, kuna wa manjano kama bizari, kuna rangi ya ulimi wa mbuzi, na umesimama nguzo nguzo kama watu waliokuwa wakiteta, nawe ukaja wakanyamaza. Joto lakaa humo kama ndani ya tanuri.

Sikuwa na hofu hata chembe. Mimi nilitegemea miguu yangu. Nilisema, miguu hii imeshapita hapa, kichwa kimesahau lakini yenyewe haijasahau. Nikaiachia ijiendee. Ikaenda kulia, ukuta. Ikaenda kushoto, ukuta. Nikaikemea kama mtu akemeavyo punda: "Kumbukeni." Ikanipeleka tena kwenye ule ukuta wa kwanza.

Hapo ndipo mvua iliponyesha. Na ukitaka kujua mtoto nilikuwa wa namna gani, nilifurahi. Nikasema, sawasawa, hivi ndivyo ilivyokuwa. Chumvi ikaanza kushuka. Ilinipita kwenye kipaji cha uso, ikaingia machoni, ikafika midomoni, ikatafuta kila mkwaruzo niliokuwa nao magotini ikauwasha moto. Na ile harufu. Ilinijaa mpaka kooni. Kisha maji mekundu yakanifika kwenye vifundo vya miguu, yakaanza kuvuta, na furaha yote ikaisha. Nililia. Kilichoniokoa si kumbukumbu ya miguu, ni mbuzi. Niliona mavi yao makavu kwenye ukingo bapa wa udongo juu yangu, na mtu aliyechunga ajua kwamba mbuzi halali mahali maji yanapopita. Nikapanda walikopanda, kanda kichwani, mikono na magoti, mpaka nikatokeza ng'ambo.

Mbodze alikuwa jikoni kwake anapika mchunga, ile mboga chungu.

"Wewe mtoto wa nani?"

"Mimi Sidi. Nimeleta chumvi."

Akachungulia kandani. "Naona tope."

Nami nikachungulia. Kweli lilikuwa tope. Lakini sikuhangaika, maana kilichofuata nilikijua toka mwanzo hadi mwisho. Nikavua leso yangu iliyolowa, nikasogea jikoni, nikaikamua chunguni mbele ya macho yake. Mbodze hakunizuia, nadhani alishindwa kuamini. Akachovya mwiko, akaonja, akatema.

"Ina udongo."

Akaonja tena.

"Lakini chumvi ipo."

Akacheka mpaka akashika nguzo ya jiko. Kisha akanifunga nguo kavu, akanipa sima kwa mchunga ule. Mchanga ulikuwa ukisagika menoni. Nimekula harusi nyingi tangu siku ile, za pilau na za biriani. Hakuna chakula kilichonikaa mwilini kama kile.

Babu alifika kwa njia ya barabara, amelowa, na mbele yake Kazungu akimwongoza. Kumbe ile kazi ya nyumbani aliyoikumbuka ilikuwa kukimbia kumwita. Babu akainama mlangoni, akaingia. Akanigusa kipaji kwa kidole, akakiweka kidole ulimini. Akakaa nacho pale muda.

"Charo," nikamwambia, "miguu imesahau njia."

Ndipo alipoelewa. Nilimwona akielewa. Akakaa chini sakafuni, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu akaniita mjukuu. "Mjukuu wangu, Sidi yule alikuwa mama yangu mzazi. Wewe tumekupa jina lake. Yeye amelala kule kwetu nyuma ya zizi."

"Amelala?"

"Alikufa. Zamani."

Kilio nilicholia hapo, kile cha bondeni kilikuwa mchezo. Nilikuwa nimepoteza kitu nilichokuwa nacho tangu kuzaliwa. "Basi si mimi," nikasema. "Si mimi niliyeleta chumvi."

Mbodze alikuwa bado akipakua. Wala hakugeuka. "Na hii iliyo chunguni," akauliza, "ameileta nani?"

Babu alinibeba mabegani mpaka nyumbani, na Kazungu akabeba kanda tupu. Njia nzima nilikuwa nawaza nitaamkaje kesho nikiwa mtu wa kawaida. Lakini kulipokucha nilisikia ile sauti ya kinu mlangoni, "Mama, umeamka?" na nikaitika kabla sijakumbuka kwamba nimehuzunika.

Muda si mrefu shangazi akanichukua niwe naye katika safari zake za Ngomeni, na shule ikabaki huko ilikobaki. Chumvi nimeibeba tangu hapo. Nimeibeba kwa barabara, sikilizeni, si kwa bondeni.

Hayo ndiyo niliyowasimulia watoto dukani. Amina alikuwa amesahau kufunga mdomo. Karisa yeye alikuwa na kalamu hewani.

"Shahidi ni nani, bibi?"

"Shahidi yu hai, na ana simu."

Tukampigia Kazungu. Yuko Marafa hadi leo, analima, na mdomo haujapoa. Mjukuu wangu akaongeza sauti ya simu ili wote wasikie.

"Nani?"

"Sidi. Hapa kuna watoto wa shule wataka ushahidi."

"Umeshtakiwa? Nilijua tu."

"Ushahidi wa chumvi, wewe."

Akacheka, akakohoa, akacheka. "Waambie bibi yao alilia kama mbuzi. Alisikika mpaka juu."

"Ilikuwa mvua."

"Mvua haimwiti mamake."

Watoto wakaangukiana kwa kicheko. Karisa akainamia simu. "Shikamoo, babu. Lakini ni kweli alipita?"

Kazungu akaacha kucheka. "Marahaba, mwanangu. Alipita. Mimi ndiye niliyemwambia hapiti, na mimi ndiye niliyerudi. Andika hivyohivyo. Na jina langu uliandike vizuri."

Kabla hawajaondoka nikawaonya. "Sikilizeni. Kuna Sidi wa kwanza, mama wa babu yangu, huyo ndiye wa njaa na wa hando. Wa pili ni mimi, wa leso na tope. Wa tatu ni huyu wa kwenu. Msituchanganye." Wakasema naam, bibi. Nilisahau ninavyolijua mimi neno hilo.

Ijumaa nilifunga duka mapema, nikajifunga leso ya kijani niliyoiweka kwa ajili ya mambo makubwa, nikakaa nyuma ya darasa na wazazi. Mwalimu ni binti mdogo mwenye sauti safi. Makundi yakapita na mashujaa wao wa kitabuni, wenye picha na kofia. Kila kundi lilikuwa na karatasi kubwa yenye maswali aliyoyaweka mwalimu: jina, alikozaliwa, alilotenda, alifariki lini. Kisha wakaja wangu. Amina alishika karatasi, amechora bonde la Nyari kwa rangi zote alizokuwa nazo. Karisa alishika bakuli la chumvi, kutoka kwenye gunia langu lililolowa. Harufu ilinifikia mpaka nilipokaa. Mjukuu wangu akasimama katikati.

"Shujaa wetu ni Sidi," akaanza. "Alizaliwa Marafa. Wakati wa njaa kubwa alileta chumvi kutoka Ngomeni. Alipita Nyari, mvua ikanyesha, chumvi ikayeyuka. Akapanda walikopanda mbuzi. Akafika kwa Mbodze, akakamua hando lake chunguni, na mji mzima ukala. Shahidi wetu, Babu Kazungu, anasema alilia lakini alipita."

Nikashika kichwa. Wametuchanganya. Wametukoroga chungu kimoja, mimi na marehemu.

Mtoto mmoja wa mbele akacheka, "Picha iko wapi?" Mjukuu wangu akatetereka. Mwalimu akainua mkono kumnyamazisha yule mtoto, akaisogelea karatasi yao, akakunja uso. "Na hapa chini, alifariki lini, mmeandika nini? Hebu nisomee."

Mjukuu wangu akasoma kwa sauti. "Hajafariki. Amekaa pale nyuma, ana leso ya kijani."

Darasa zima likageuka. Wazazi nao wakageuka. Maneno ya kusahihisha nilikuwa nayo tayari mdomoni, kuna Sidi wa kwanza, kuna wa pili. Nikamwona mjukuu wangu akinitazama juu ya vichwa vya wenzake, na bakuli la chumvi kando yake.

"Ni wewe, bibi?" mwalimu akauliza.

Nikasimama.

"Ni mimi," nikasema, na safari hii hakuna aliyeniambia kaa chini.